Pilau ya Mama Zuhura

Susu, nilimwaga chakula cha mtu, na sijamwambia yeyote.

Mimi ni mzima. Uliuliza kama nimepata rafiki hapa Machakos ninapojifunza kushona. Nimempata. Siku ya kwanza Mama Zuhura, anayeshona kando yangu, alinipa pilau bila kuionja. Nikakumbuka ulivyotufunza sisi wajukuu wako, kwamba kwetu Wakamba anayekupa chakula huonja kwanza. Nikaogopa sumu, nikaimwaga mtaroni.

Jioni, adhana ilipolia, alipasua tende, akala nusu, akanipa nusu.

“Haya, Mkamba wewe, sasa nimeonja,” akacheka. “Mchana nilikuwa nimefunga.”

Kumbe aliniona nikiimwaga! Sikuweza kuinua macho. Tangu hapo tunakula pamoja kila jioni, na bado naona haya.

Usimwambie hata Mama, Susu. Mama Zuhura naye hajamwambia mtu.

Mjukuu wako, Mwende