Saa Ambazo Hazijafika

2 Machi

Kwa wifi yangu,

Habari za huko, na watoto hawajambo? Ule mguu uliokuwa ukikuvimba ukisimama sana umepona? Sisi tupo. Kaka yako anakwenda karakana, anachomelea mageti ya watu, anarudi, anakula kidogo. Mimi siku hizi nalala usiku mzima, na bado naona aibu kulisema.

Jana alikuja bwana mmoja wa chama chenu cha wauguzi wa majumbani. Alikalia kiti chako, kile cha kando ya kitanda, maana kitanda cha mwanangu Kamanda hatujakitoa. Akasema mnadai nyongeza ya mshahara, na anataka daftari la zamu la Kamanda akalionyeshe kwenye kamati ya mishahara. Akasema wewe ndiye uliyemtuma.

Wifi, ni karibu miezi sita tangu tuzike, hujaandika hata mstari. Halafu unatuma mtu na mkoba? Wewe ambaye mtoto alikuwa akikuinulia kidole kimoja, nawe unasimama unampigia saluti mpaka mashine yake ya kupumulia inatikisika kwa anavyocheka.

Nilimpa maji, nikamwambia sijui daftari liko wapi. Nilidanganya. Liko chini ya mto wa kaka yako.

Wifi yako


9 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo, ingawa ulinikataza kukuamkia ukasema nakuzeesha. Mguu bado unavimba jioni. Wodi hii ni ndefu, tunazunguka mpaka viatu vinalia. Watoto wazima, wanakula kama mchwa.

Nilianza kukuandikia mara tatu. Kila nikifika kwenye jina lake, kalamu inagoma. Nisamehe. Kumtuma yule bwana ilikuwa woga wangu.

Nakwambia wazi: niliondoka kwenu kwa sababu ya mshahara, si kingine. Miaka saba kampuni ya wauguzi ilinilipa kiasi kile kile kwa saa, na hospitali walinipa mara moja na nusu. Mumeo mwenyewe, aliyenifanya dada yake kwa kuwa hakuzaliwa na dada, aliniambia, “Nenda, watoto wako nao wana matumbo.” Kampuni iliniapia kwamba Jumatatu mwingine angekuja. Siku arobaini na moja, hakuja mtu.

Hata baada ya kuhama bado nimo kwenye chama, na kamati itakaa tarehe 17 Aprili. Kampuni inadai hakuna nyumba inayokosa muuguzi, na kwamba kazi yetu ni kukaa na kutazama televisheni. Daftari lenu lina kila saa: rangi ya midomo, kifua, makohozi. Mwandiko wangu, halafu wako peke yako, usiku na mchana. Hakuna nyumba nyingine iliyotunza namna hiyo. Bila hilo tutapiga kelele tu na kurudi nyumbani.

Ukininyima nitaelewa. Lakini niambie.

Shangazi yake Kamanda


30 Machi

Wifi,

Hujambo? Wiki tatu sasa. Karani wa posta ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Najua unanilaumu. Basi nilaumu kwa maandishi, nisome, nilie, yaishe. Kimya chako kinanitisha kuliko tusi. Watu wa chama wananiuliza kila siku, na zimebaki siku kumi na nane.

Shangazi yake


5 Aprili

Wifi yangu,

Salamu sana. Nimesubiri kaka yako atoke ndipo niandike. Sikulaumu, na sikuwahi.

Siku ya kwanza uliponipa kalamu ulinifundisha jambo moja: usiandike saa ambayo haijafika. Ulisema hata ukijua mtoto atakuwa vipi, subiri ifike, mtazame, ndipo uandike.

Ile Jumanne nilikuwa sijalala siku mbili. Kaka yako alikuwa kazini. Kampuni walisema muuguzi angefika saa mbili asubuhi. Saa saba na nusu mchana nilikuwa bado naangalia mlango. Nilimfyonza Kamanda makohozi kwa mashine kwenye mrija wake wa shingoni, midomo ilikuwa mizuri. Nikaona nifumbe macho kidogo. Na ili nikiamka nisikute daftari lina mapengo, nikaandika saa nane, saa tisa, saa kumi. Zote tatu: “Kifua safi. Amelala.”

Niliamshwa na fundi cherehani wa jirani, anagonga mlango akiuliza, “Mama Kamanda, hicho kinacholia humo ndani ni nini?” Kengele ya mashine, wifi. Mrija wa shingoni ulikuwa umeziba, kengele inalia, nami nimelala hatua mbili kutoka pale. Ilikuwa saa kumi na robo.

Cheti cha daktari kinasema alikata roho kabla ya saa tisa. Nilikipokea mimi, nikakificha mimi. Kaka yako hajakisoma. Yeye husoma daftari. Kila jioni hufungua ukurasa ule, hupitisha kidole na kusema, “Angalau mpaka saa kumi alikuwa salama.”

Sasa unaelewa. Nikilitoa daftari, mtu ataweka karatasi mbili pamoja.

Niambie wewe unayeijua kazi: ningekuwa macho, angepona?

Wifi yako


10 Aprili

Wifi yangu,

Nimeisomea barua yako chooni hospitalini, mlango nimeufunga. Msimamizi akagonga, nikamwambia tumbo.

Umeniuliza, nami sitakuficha. Mrija ukiziba na mtu yupo macho, mara nyingi huwahi kuuzibua. Mara nyingi, si zote. Ningeweza kukwambia siku yake ilikuwa imeandikwa, lakini ungejua nakubembeleza, na baada ya hapo usingeamini neno langu tena.

Nimewaambia chama kwamba daftari limepotea, watafute ushahidi mwingine. Hawana. Hilo lisikusumbue. Yule bwana hatakuja tena kwako. Ukurasa usiuchane, na kaka usimwambie kwa sababu tu ya madai yetu. Siku ile nimepangiwa zamu, hata ukumbini sitakuwepo.

Tafadhali, kula kitu.

Shangazi yake


20 Aprili

Wifi yangu,

U mzima? Mimi leo asubuhi nimekula.

Nilikwenda kwenye kamati. Wewe ulinijibu kweli, nikaona siwezi tena kuukalia uongo.

Nilianza na kaka yako, Jumapili, baada ya kufua. Nikamwekea cheti na daftari mezani. Alisoma mara mbili. Akauliza, “Alilia?”

Nikamwambia, “Baba Kamanda, ule mrija ulikuwa haumwachii sauti. Unajua.”

“Najua. Nimeuliza tu.”

Akavaa shati, akaenda kwa mdogo wake. Mpaka leo yuko huko.

Kwenye kamati, wakili wa kampuni alilishika daftari kwa vidole viwili kama kitambaa cha jikoni.

“Mama, hii saa tisa umeandika wewe?”

“Ndiyo.”

“Mtoto alikuwa hai?”

“Hapana.”

“Basi daftari lote ni uongo.”

“Uongo ni mistari mitatu, baba. Geuza nyuma utazame mwandiko wangu unavyolegea mpaka kufika hapo. Mliniahidi muuguzi saa mbili asubuhi. Alikuwa wapi?”

Akakohoa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akamwambia, “Mjibu.”

Akasema, “Hatukupata mtu wa kukubali malipo yale.”

Alisema kwa mdomo wake mwenyewe. Karani akaandika. Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, “Haya, umesikia.”

Jana bwana wa chama alipita. Nyongeza imekubaliwa kuanzia Julai, si yote mliyoomba, ila theluthi mbili. Alitaka kunipa mkono wa pongezi, nikashindwa kuutoa wangu.

Anasema wapo wauguzi walioanza kuuliza habari za kurudi majumbani. Wewe sijui, na sikusukumi. Lakini ukirudi, ukakaa kando ya kitanda cha mtoto wa mtu, na mama yake akakwambia, “Nenda tu, mimi sijachoka,” usimwamini. Mpeleke akalale, mfungie na mlango.

Ukishasikia amelala, unikumbuke.

Wifi yako