Vidonge Kwenye Chungu cha Maua

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Vile vidonge vya mafuta ya samaki usimeze, nimevificha. Asubuhi daktari redioni kasema huenda mafuta hayo yanaongeza hatari ya saratani ya tezi dume. Mwenzake akambishia kuwa hakuna uhakika. Nikachanganyikiwa, maana mimi ndiye ninayekumezesha kila siku, nikidhani naulinda moyo wako!

Nikaenda kumwagilia ua nitulize akili. Kumbe vidonge umevifukia mle chunguni, na kila siku unanionyesha ulimi mtupu! Ua lenyewe limenawiri kuliko wewe.

~~Leo jipikie.~~ Chakula kiko jikoni, pasha.

Sijui nikununie au nikukumbatie. Nanuna mpaka jioni. Kesho twende ukapime moyo na tezi, na majibu hayo usije ukanifukia chunguni.

Mama watoto