Aliyevaa Nguo za Mama Queen

Grand Prairie, Texas
Jumapili, 17 Machi 2019

Mpendwa dada Dorothea,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na shemeji naye ameacha kukuficha sukari. Sisi huku tunaendelea. Mimi nimezidi kunenepa; ule mkanda ulionipa siku naondoka sasa naufungia sanduku. Pale ghalani kwetu nilishindwa kuinua boksi, binti mmoja wa Kirundi akaja akalibeba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Akaniambia pole mzee. Nikapokea pole yangu nikaenda kukaa.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe. Simu yangu wifi yako Kezia anaisoma kuliko ninavyoisoma mimi, na habari hii inamhusu. Nampa Mwita aje nayo, maana anashuka Dodoma wiki hii. Ukimaliza kusoma, tafadhali usiitangaze kwenye kwaya. Nakujua.

Sospeter unamkumbuka, jirani yangu, aliyemleta marehemu mkewe Prudensia kuzikwa Bihawana mwaka jana. Wewe ulikuwepo mazikoni, na ni wewe uliyenisimulia alivyoshuka mwenyewe kaburini kupokea jeneza na jinsi walivyomvuta kumtoa. Binti yao Queen hakuja. Makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa hayajakamilika, na angetoka nchi hii asingerudi. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na minane alibaki huku na sisi, mama yake akapanda ndege akiwa kwenye sanduku, na yeye hakuona hata koleo moja la udongo.

Sasa, wenzetu hao ni Wagogo, na Wagogo ni watani zetu; kazi ya mtani msibani unaijua. Watu walipojaa kwa Sospeter kuomboleza, Kezia aliingia chumbani, akavaa kitenge cha marehemu na kilemba chake, akatokea ukumbini anaburuta mguu wa kushoto vilevile kama Prudensia akirudi kutoka kazini hospitali. Akakohoa kikohozi chake. Akafoka nani kaacha bomba linavuja, kwani maji ya nchi hii ni ya baba yenu. Dada, hata mimi nililia kwa kucheka. Ndugu zake Prudensia waliokuja kutoka Garland walimshukuru Kezia, wakasema sasa msiba umekuwa msiba.

Queen alikuwa ametoka kuoga. Alichokiona ni mgongo wa mama yake ukikata kona ya korido na kutokea mlango wa nyuma.

Hakuna aliyewahi kumweleza mtoto yule utani wa msibani ni nini. Amekulia hapa, misiba aliyoiona ni ya watu wenye suti nyeusi wakinong'ona. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemwambia. Baada ya siku chache akaja jikoni kwetu, amekaa wima kama yuko kanisani, akamwambia Kezia taratibu kwamba mama hajaondoka. Amemwona. Anatumia mlango wa nyuma, ule aliokuwa anaingilia akitoka zamu ya usiku, ili viatu vya hospitali avivulie nje.

Pale ndipo neno moja lingetosha. Wifi yako akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

Utani wa msiba, dada, unaisha siku matanga yanapovunjwa. Nguo zinarudishwa, kila mtu anarudi kuwa yeye. Kezia kitenge hakukirudisha. Sisi na Sospeter tunatenganishwa na uzio wa mbao tu, na mbao mbili zimeoza. Nimeahidi kuzibadilisha tangu tuhamie. Jioni jua likianza kulala, Kezia anajitupia kitenge, anapenya, anapita mara moja mbele ya dirisha la jikoni la Queen akiburuta mguu, kisha anarudi kwetu anashika ukuta kwa kicheko. Wanawake wa kikundi chao walikuwa wanampigia simu kumuuliza mzimu umetembea leo. Nikimwambia inatosha, ananijibu kwamba mtani msibani hakemewi, na kwamba mtu mwenye tumbo kama langu hawezi kupenya uzio ndiyo maana ana wivu. Hilo la tumbo lilikuwa kweli, nikarudi mezani.

Queen akaanza kuacha mlango wa nyuma wazi. Akawa anapika mlenda na ugali, chakula alichokikataa tangu utotoni, anakifunika mezani. Chuo alichokuwa amekubaliwa akasema hataenda.

Kuna jambo moja nilitaka kulipita. Jumamosi moja mwezi wa kwanza nilimpeleka Kezia Houston, kwenye harusi ya kijana wa Kirundi, Alain, kule mtaa wa Gulfton. Tuliondoka asubuhi, tukarudi kesho yake. Queen alinieleza baadaye kwamba Jumamosi hiyo mama alikuja, na safari hiyo hakupita tu dirishani. Aliingia, akafunga bomba la jikoni, akatoka. Nilimjibu kwamba vizuri, bomba lile linapoteza maji. Sikumwambia Kezia. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Sospeter naye akapata kazi Houston, ya usimamizi, kazi ya mtu mzima. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha, wahamishaji wakapangiwa siku. Queen akagoma. Alimwambia baba yake kwamba hamwachi mama peke yake kwenye nyumba tupu. Sospeter alimbembeleza, akamfokea, akamletea mchungaji. Mwisho alinifuata mimi, macho mekundu, akaniambia mke alimzika kwa mikono yake mwenyewe, na sasa mtoto anamtaka amzike tena. Akaniomba sisi tulio karibu naye tumwambie Queen ukweli, kwamba mama yake hayupo.

Kezia akasema atamwambia yeye. Jumapili ya kuagana tulijaa kwao, pilau kwenye masufuria ya kuazima, maboksi mpaka darini. Sospeter alikuwa gereji anafunga vitu vya mwisho. Kezia akaomba kimya, akajifunga kile kitenge mbele ya watu wote, akaburuta mguu kutoka mlangoni hadi alipokaa Queen.

"Shikamoo yako iko wapi?" akamwambia. "Mama uliyekuwa unampikia mlenda ndiye huyu. Na mlenda wako hauna chumvi."

Watu wakacheka. Wengine walikuwa wanaijua siri siku nyingi, wakacheka zaidi. Queen hakulia. Alimtazama Kezia kuanzia kilemba hadi miguuni, halafu akamwomba atembee tena, aone vizuri mguu unavyokwenda. Kezia, sifa zimempanda, akatembea tena. Akamwonyesha na mkono unapokaa kiunoni, na kikohozi kinapotokea. Binti akashukuru, akaondoka kwenda chumbani, sisi tukarudi kwenye pilau. Mimi nilikuwa naongeza sahani, ya pili au ya tatu, usinihoji.

Kilichotoka chumbani, dada, sijui nikuelezeje. Kezia alikuwa na kitenge tu. Queen alivaa sare ya hospitali yenyewe, viatu vyenyewe, na kikofia cha maua alichokuwa anavaa marehemu kazini, na mwili ni ule ule wa mama yake. Alikuja na korido polepole, akasimama nyuma ya Kezia. Sauti ilikuwa ya Prudensia.

"Kezia. Hicho kitenge nilikupa lini?"

Kezia aliangusha sahani, akaanguka yeye juu yake. Wifi yako mzima mzima chini, wali kwenye nywele, anaomba msamaha kwa maiti kwa sauti ya kusikika Dallas. Nyumba ililipuka kwa kicheko. Utani umerudishwa kwa mwenye nao, na umerudishwa na riba. Nilicheka mpaka shati likafunguka kifungo.

Ndipo tukasikia sauti kutoka gereji.

"Mama Queen? Nakuja, mke wangu. Nakuja."

Sospeter alitokea mbio. Utepe wa kufungia maboksi unaning'inia kwenye vidole, na usoni, dada, alikuwa na furaha. Mtu mzima wa miaka hamsini, ana furaha kama kijana aliyeitwa na mchumba. Akamkuta Queen amesimama na kile kikofia. Queen akakivua haraka, akasema, "Baba, ni mimi. Ni mimi tu."  Sospeter alimpita kwa macho, akaendelea kutazama korido nyuma yake, hadi mlangoni.



Asubuhi ya kuhama wahamishaji walifika, akawarudisha. Kazi ya Houston ameiacha. Mwenye nyumba amemwongezea mkataba. Nilimwendea nikamweleza taratibu kwamba ni Queen alikuwa anamlipa Kezia, nasi sote tulimsikia akimtaja Kezia kwa jina. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Sauti ya mwanangu naijua, Edson. Mimi niliitwa kwa jina langu. Kezia hakutajwa."

Sasa mambo yamegeuka. Queen ndiye anayetaka kwenda. Chuo kimekubali kumpokea muhula ujao, sanduku lake liko sebuleni tangu juma lile. "Nime-pack vyote, anko," aliniambia jana, "nani atakaa naye?" Ameapa mbele ya baba yake mara nyingi, amerudia sauti ile mbele yake amsikie ni yeye, na Sospeter anatikisa kichwa kwa upole, anamwambia hapana mama, siyo hivyo, yeye alikuwa anaita kwa mapenzi. Mtoto akatoka nje kulia kwenye gari letu.

Kezia kitenge amekirudisha, amekifua na kukipiga pasi. Mbao za uzio nimezibadilisha. Kila jioni naona taa ya jikoni kwa Sospeter imewaka, chakula kimefunikwa mezani, na mlango wa nyuma uko wazi.

Nilichokuandikia hasa ni hiki. Sospeter ameniomba nikutume. Aliomba bila kutabasamu, na mimi niliyezoea kufanya mzaha wa kila kitu nikamwahidi nitaandika. Anaomba upite Bihawana, ukaangalie kama kaburi bado limefungwa kama alivyoliacha. Nenda, dada. Lakini utakalolikuta niambie mimi kwanza, kabla ya yeye, hata kama ni lile tunalolitegemea, kwamba limefungwa. Lile ndilo litakalomuumiza.

Msalimie shemeji, Abigail na mapacha wake, na mama mdogo Agripina. Mwambie mwanawe wa Texas hajakonda, asisikilize maneno ya watu. Kezia angekusalimu kama angejua naandika. Mungu awatunze wote mlio ndani ya nyumba hiyo, na jioni awajalie kufunga milango yenu mapema.

Wako akupendaye, mwili mzima na ulioongezeka,

mdogo wako Edson