Usifungue Dirisha la Chumba cha Maua

Baba Bibi Harusi,

Nimekwenda kwa fundi kuchukua gauni la binti yako. Dirisha la chumba cha maua usiliguse! Asubuhi umelifungua eti yapate hewa. Baridi ikaingia, unyevu wote ukatoka, vitumba vikadondoka. Nikakufokea, ukanuna ukaenda zako.

Hita iwake kidogo tu, na beseni la maji likae kando yake. ~~Wewe mwenyewe usikanyage humo.~~ Hapana, ingia. Maua yanakula hewa tunayoitoa puani, na yaliyochanua ni yale tu yaliyo karibu na kochi la humo, unapolala kila mchana. Miaka yote nakusihi uache kukoroma. Leo koroma, mume wangu, kwa nguvu zote. Shada la mwanao linakutegemea.

Mama Bibi Harusi