Makande ya Mwenyekiti

Jumatatu, 5 Februari
Afisa lishe wa wilaya ametangaza leo mkutanoni hapa mjini Same: watoto wa shule za mlimani wamedumaa kuliko wa mjini. Chakula kinalimwa mlimani. Nilikuwa pale kwa ajili ya gazeti, nikauliza kwa nini. Kabla hajajibu, akasimama Kajiru, mwenyekiti wa kamati ya shule ya kijijini kwetu. Akasema wazazi wa kule hawachangii chakula. Uongo. Dada yangu Naetwe ndiye mpishi wa shule ile. Mwezi uliopita alibeba maharage yake kichwani hadi stoo ya shule, yeye na majirani zake. Kajiru namtafutia dawa.

Jumatano, 7 Februari
Shule ya serikali karibu na stendi, saa ya mapumziko. Mihogo ya kukaanga, ubuyu, barafu za rangi. Jiko hakuna. Matumbo yamejaa, midomo imepauka.

Nikavuka barabara hadi shule ya kulipia. Huko mchana ni makande, mahindi na maharage. Mpishi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Yana mabaka ya zambarau. Mbegu ile inalimwa upande wetu wa mlima tu. Nimeivuna tangu utotoni. Nani anawauzia?

"Si Kajiru? Ana maharage mazuri huyo baba."

Nikaomba kiganja kimoja. Nikashukuru.

Ijumaa, 9 Februari
Nimepanda kijijini. Matope. Stoo ya shule ina maharage makuukuu yaliyotobolewa na wadudu, masalia ya duka la Kajiru. Mazuri aliyateremsha mjini, haya akayapandisha. Yanachemka tangu asubuhi, mchana bado magumu. Watoto wanayatema, wanakunywa mchuzi, wanarudi darasani. Upendo, binti wa Naetwe, ana miaka tisa. Anavaa sare aliyonunuliwa alipoanza darasa la kwanza. Bado inamtosha.

Naetwe alishalalamika. Kajiru akamjibu mbele ya wanawake wenzake: "Mwanao ana njaa? Mpeleke mjini kwa mama yake mdogo, akamlishe magazeti." Baadhi walicheka. Kwa hilo namchukia kuliko kwa wizi wenyewe.

Jumanne, 13 Februari
Mhariri anataka picha, na kauli ya Kajiru. Kajiru hapokei simu. Sawa.

Keshokutwa afisa lishe anatembelea shule, wazazi wameitwa. Siku za wageni hupikwa wali wa mchele wa Kihurio na nyama, kwa wageni tu. Nikampigia dada. Nikamwambia safari hii mchele usiguswe.

"Nikifukuzwa utanilisha wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Magazeti?"

Tukacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

Alhamisi, 15 Februari
Kwetu mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni. Akikwepa, amekiri chakula kina neno. Kajiru anapenda heshima. Alimpita mwalimu mkuu, akajitangaza mwenyeji, akafunua hotpoti kwa madaha.

Makande ya watoto.

Alimtazama dada. Dada akasema, "Karibu, mwenyekiti. Ndiyo wanayokula wanetu." Mama mmoja nyuma akapaza sauti: "Onja, baba, mgeni ana njaa!"

Akaonja. Tulisikia jino likigonga. Akatafuna na kutafuna, jasho likimtoka. Kumeza hawezi, kutema hawezi. Nikapiga picha. Kisha nikamwaga mezani yale maharage ya mabaka. Wazazi waliyatambua kabla sijafungua mdomo. Nikamuuliza Kajiru yamefikaje Same. Mdomo umejaa. Afisa lishe alisukuma sahani yake pembeni, akaomba afunguliwe stoo.

Nimefurahi. Nimefurahi sana.

Jumapili, 18 Februari
Habari imetoka, fupi, ukurasa wa ndani. Kajiru amejiuzulu "kwa sababu za afya". Naetwe bado yuko jikoni. Maharage yaliyouzwa yameshaliwa na watoto wa watu, nao hawana kosa. Kesho pale stendi barafu zitauzwa kama kawaida.

Upendo ameteremka mjini na mama yake kunisalimia baada ya ibada. Alikula polepole, akaomba kuongezewa. Nikamwongezea. Hasira imerudi, ndogo, imekaa.

Jumamosi tarehe 24, saa nne asubuhi, wazazi wanachagua kamati mpya. Kila mmoja atakuja na maharage. Dada atayapika palepale, na atakayechaguliwa ataonja kwanza.