Uji wa Ngendo

Ruring'u, Nyeri
16 Julai 1989

Kwako dada yangu Wacera,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini hujambo wewe, shemeji Hezekiah na watoto, na kwamba nyanya zenu zimepata bei hapo Kagio. Mimi nikisema ni mzima nitakuwa nakudanganya, na kudanganya kumenichosha.

Unakumbuka miaka minne iliyopita niliambiwa nina sukari ya wazee, nami sijafika hata arobaini. Nilipewa vidonge, nikaacha sukari, soda na maandazi. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa shwari. Kisha nikaanza kukonda, hata suruali nilizojishonea mwenyewe zikawa zinateremka. Kila mkojo ulipopimwa, dawa ya kupimia iligeuka rangi ya tofali, ishara ya sukari nyingi. Muuguzi alinigombeza mbele ya watu: "Ati hukulangi sukari? Hii mkojo haidanganyi. Iko kitu unakula." Mimi nilijua sili. Basi nikajiambia, anayenipikia ndiye anayejua.

Mwezi huu daktari mwingine amenipa majibu ya damu iliyopelekwa Nairobi. Alisema yangu haikuwa kamwe sukari ya wazee. Ni ndugu ya ile inayowapata watoto, ila kwangu imekuja polepole: mwili wangu wenyewe umekuwa ukiiharibu kongosho yangu, kidogo kidogo, tangu mwanzo. Hakuna chakula kilicholeta hayo, wala kujinyima hakungezuia. Sasa ni sindano ya insulini mara mbili kwa siku hadi nife. Kwa vile macho yamefifia, na cherehani nimeiacha kwa kushindwa kutunga uzi, aliuliza nani nyumbani afundishwe kupima dawa. Nikamwambia, mke wangu.

Wacera, hapa hakuna mke. Ngendo aliondoka Oktoba. Asubuhi moja niliuonja uji wake nikauona mtamu. Aliapa hajatia kitu. Nikachukua kibuyu alichopewa na mama yake siku ya arusi, nikakipiga ukutani. Unajua kwetu mwanamke akivunjiwa kibuyu hangoji kuonyeshwa njia. Alifunga nguo zake akarudi kwao Chaka. Kila barua ulimsalimia, nami nikajibu anakusalimu. Naona aibu, dada.

Nilipotoka kwa daktari nilipeleka mbuzi Chaka kuomba msamaha. Baba yake, mzee Mathenge, hakumruhusu mbuzi kupita lango. Ngendo alitoka mwenyewe, akaniamkia kwa heshima. Alisema amenisamehe, lakini hawezi tena kumpikia mwanamume anayehesabu vijiko vyake. Nikarudi na mbuzi wangu.

Hasira hasara, mama alikuwa akituambia, nami nilicheka. Dawa naiweka ndani ya chungu cha maji ili isiharibike, na kipimo nakisia. Jana nilikosea, nikaanguka jikoni, nikaamka jua limeshapanda. Barua hii nimeiandika siku tatu, ndiyo maana herufi ni kubwa.

Nisalimie shemeji na watoto. Salamu za Ngendo usinitumie tena. Hapa hakuna wa kuzipokea.

Ni mimi ndugu yako,
Theuri