Kwa Yahaya, Muganga wa Watoto wa Gasenyi

Mwaka umetimia, baba yetu, tangu jioni ile uliporudi kwa miguu kutoka shuleni Gasenyi mpaka hapa Buyenzi kwa sababu mafuta yalikwisha mjini na mabasi hayakuwa na esansi. Uliketi kizingitini, ukaomba maji, na hukuyamaliza. Moyo ndio uliosimama, walisema hospitalini. Sisi tunasema ulichoka ukiwa kazini, na Mwenyezi Mungu anajua zaidi.

Ulikuwa muuguzi wa shule, lakini watoto walikuita Muganga, yaani daktari, Yahaya. Zahanati yako ya shule ilikuwa chumba kimoja mwisho wa madarasa, chenye kitanda, kabati la dawa na ndoo ya maji yenye bomba. Hapo ulipima malaria, ulifunga vidonda vya wacheza mpira, uligawa dawa za minyoo, na wasichana uliwapa pamba zao bila kuwatia aibu. Mgonjwa haulizwi uji, nawe hukuuliza: aliyelalamika tumbo alipewa kwanza kikombe cha uji aliopika mama yetu, mkeo Zubeda, alfajiri, na maumivu ya wengi yaliishia hapo hapo. Na ulivyokuwa mwoga wa sindano wewe mwenyewe! Siku ya kuchomwa ulimshika mama mkono ukatazama dari. Tunacheka kila tukikumbuka.

Lakini kazi uliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyoleta ugomvi nyumbani: watoto wenye kifafa. Mjini kwetu mtoto akianguka, watu hurudi nyuma. Wanasema povu lake likikugusa, nawe utaanguka siku moja. Basi anaachwa chini peke yake akijigonga, au anajitokeza shujaa mmoja mwenye kijiko cha kumpanua meno. Wewe ulikataa yote mawili. Kila mwenye kifafa ulimfundishia mwenzake wa dawati: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usitie chochote mdomoni, ngoja. Ulitufundisha na sisi, ingawa hatukuomba, huku chakula kinapoa.

Mama yetu hakukubali. Tunaandika haya kwa idhini yake. Ndiye aliyetuambia tusimpambe. Mashati yako ya kazini aliyafua uani katika beseni la peke yake, akiyageuza kwa kijiti.

“Mama Khadidja, iyi ugonjwa haiambukize,” ulimwambia, ukimwita kwa jina la mwanawe.

“We umesoma, mi sikusoma. Lakini iyi shati isiingie mu nyumba yangu.”

Alikupenda, hilo ulilijua. Aliogopa kwa ajili yetu, wanawe, na mwishowe ukawa unavua shati uani bila kuambiwa.

Ulipotutoka, zahanati ilifungwa, na muuguzi mwingine hajapatikana hadi leo. Mtoto mwenye homa anarudishwa nyumbani, atembee juani peke yake. Unamkumbuka Ingrid, binti wa Caritas muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani? Mwenzake wa dawati alihamishwa na wazazi wake. Siku Ingrid alipoanguka darasani, hakuna aliyemsogelea. Mkuu wa shule akamwambia Caritas amweke mtoto nyumbani mpaka muuguzi apatikane. Mwanao Khadidja alifuatana na Caritas kwenda kumbembeleza mkuu.

“Akianguka tena mu klasi, nani atamushika?” mkuu aliuliza. “Walimu wenyewe wanaogopa.”

Hakuwa mtu mbaya. Ingrid, wa kwanza katika hesabu, akawa anakaa sokoni akichambua ndagala. Tulikasirika sana, baba, na hasira yetu haikumrudisha darasani.

Mwezi uliopita, kabla Ramadhani haijaingia, tulikusomea hitima. Caritas ni Mkristo, ila alikuja na binti yake kwa heshima yako. Ingrid alikuwa akisaidia kugawa sahani uani alipoanguka. Sisi tuliotoka kukuombea kwa sauti moja, sote tulirudi nyuma, na mmoja wetu akapiga kelele aletewe kijiko. Caritas na Khadidja walikuwa ndani wakipakua pilau. Aliyekuwa karibu na mtoto ni mama peke yake.

Naye alirudi nyuma, hatutakuficha. Kisha akapiga magoti, akamlaza Ingrid ubavu, akavua mtandio wake akauweka chini ya kichwa cha mtoto. Mwenye kijiko alipofika, mama alimfukuza.

“Ondosha iyo! Usitie kitu mu kinywa!”

Povu lilimwagika mikononi mwake, asiiondoe. Alilitaja jina la mtoto polepole mpaka macho yakarudi. Ingrid alipopata usingizi, mama aliketi pale pale chini akalia kuliko siku ya maziko yako.

“Baba Khadidja alikuwa ananiambia kila siku,” alisema, “na mi najifanya sisikii. Kumbe nilisikia yote.”

Jumatatu alikwenda shuleni na Caritas na Ingrid. Mkuu wa shule alimtazama.

“Mama, we si muganga.”

“Apana. Lakini kumulaza najua. Nitakaa apa inje. Akianguka, muniite.”

Sasa kila asubuhi anakaa kwenye benchi nje ya chumba chako kilichofungwa. Dawa hakuna. Wenye homa bado wanarudishwa, na mkuu anasema ruhusa ni ya muhula huu tu. Hatujui itakuwaje baadaye, na hilo linatunyima raha. Ila Ingrid yuko darasani.

Jambo moja ulijue, baba. Mama bado anaogopa. Anatuambia kila alfajiri kwamba povu lile linamjia usingizini. Halafu anajifunga mtandio, anashika njia ya Gasenyi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Zubeda. Wanao Khadidja, Swalehe na Mwajuma. Mdogo wako Swedi. Wajukuu na majirani wa Buyenzi. Pamoja na Caritas na Ingrid. Allah akupe kaburi lenye nuru. Kukusahau, Yahaya, hatutaweza kamwe.